Desturi Isiyoandikwa na Mtu

Wenye malori hawana adabu. Nasema hivi nikijua watakaonikasirikia, na wakasirike. Pale komini ya Kenya, mtaa wa mjini Lubumbashi na si ile nchi, walikuwako wawili waliogombania barabara moja kana kwamba Mungu aliishiwa na udongo wa kutengeneza nyingine. Mmoja aliitwa Kakule, Mnande wa Lubero huko Kivu ya Kaskazini, mtoto wa nne wa kiume kama jina lenyewe linavyosema, mtu wa sala ndefu na maneno mafupi. Wa pili aliitwa Godefroid, mwana wa Katanga ya kaskazini, Mkatoliki wa kurithi, mjukuu wa fundi wa reli. Huyu alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka na wateja, alicheka na askari wa barabarani, hata msibani alicheka, na watu wa kwao wala hawakumshangaa.

Depo zao zilitazamana, katikati kuna barabara ya vumbi na wauza makala, yaani mkaa. Kakule akipata mzigo wa kupeleka mgodini Kinsevere, Godefroid alikwenda Kinsevere kesho yake kushusha bei. Godefroid akiagiza unga kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, Kakule aliagiza mara mbili. Fahali wawili, zizi moja. Sisi majirani tulizoea, tukanunua unga kwa yeyote aliyekuwa amemkasirikia mwenzake zaidi siku hiyo.

Sasa hawa wazee walikuwa na watoto, na watoto walikuwa wamesoma pamoja. Dorcelle, binti wa kwanza wa Kakule, na Elisée, mwana wa Godefroid, walikaa benchi moja miaka yote ya kujifunza mambo ya kompyuta. Waliporudi nyumbani, kila baba akamwambia wake: nitengenezee mashini itakayomshinda yule. Ndivyo walivyozaliwa Shemasi na Katekista. Majina hayo waliyatoa madereva, kwa kuwa Kakule ni Mprotestanti na Godefroid ni wa Papa wa Roma. Lakini usidhani ni watu, wala usidhani ni vyuma vyenye miguu. Ni akili za kompyuta tu. Kila moja ilijua magari yake yako wapi na mzigo uko wapi, ikamwambia dereva kwenye kioo kidogo kilichobandikwa mbele yake: endelea, simama, geuka.

Akili za namna hiyo huziambii la kufanya. Unazipa dunia, unazipa njaa, kisha unaziacha. Dunia yao ilikuwa barabara ya uwongo ndani ya kompyuta, nyembamba kama ile ya kweli, yenye malori ya uwongo yanayoharibika kama ya kweli. Njaa yao ilikuwa mizigo: kila mzigo uliofika ulikuwa tonge moja. Dorcelle aliona upesi kwamba Shemasi akicheza peke yake anazubaa, hajifunzi kitu. Elisée naye aliona hivyohivyo kwa Katekista. Basi wakafanya jambo ambalo baba zao wangelijua wangewafukuza nyumbani wote wawili. Waliziunganisha akili zile katika barabara moja, wakaziacha zishindane mchana kutwa na usiku kucha, msimu juu ya msimu.

Mwanzoni zilikuwa zinatia aibu. Magari yaligongana, yalizunguka bure, mengine yalisimama tu. Lakini ngoja. Shemasi akagundua hila ambayo Dorcelle hakumfundisha: lori lake likikaribia mwinuko, linajifanya limekufa katikati ya njia, magari ya Katekista yanakwama nyuma yake, na wakati huo ndugu zake wanapita kwa njia nyingine kushika mizigo. Dorcelle alicheka mpaka machozi yakamtoka. Elisée hakucheka. Ila Katekista naye hakulala. Alianza kuyavuta malori ya Shemasi yaliyosimama. Gari lililojifanya limekufa likivutwa linapoteza muda wake lenyewe, na hila inamrudia mwenyewe. Yaani kuvuta gari la adui kulianza kama silaha.

Kisha likaja jambo ambalo hao vijana wawili hawakulitarajia. Hila ya kujifanya mfu ilikoma, maana haikuwa na faida tena. Kuvuta hakukukoma. Lori la Shemasi likifa kweli, wa Shemasi walipita kando na kuendelea na mizigo, na aliyesimama kulivuta alikuwa wa Katekista. La Katekista likifa, aliyelivuta alikuwa wa Shemasi. Daima mpinzani. Barabara ikabaki wazi, mizigo ikafika mingi kuliko wakati wowote, na hata hivyo waliendelea kunyang'anyana kila mzigo kama mbwa na mfupa. Dorcelle alipekua programu yote, mstari kwa mstari, akitafuta mahali ilipoandikwa desturi hiyo. Haikuandikwa popote.

"Hii naijua," Elisée alimwambia. "Kwetu iko na jina. Bunungwe."

Akamweleza. Katanga kuna koo ambazo ni watani wa koo nyingine tangu zamani. Mtu akifa, wa ukoo wake hawachimbi kaburi. Wanakaa chini wanalia. Wanaochimba ni watani wake, na huku wanachimba wanamtukana maiti, wanamdai, wanamcheka, na hakuna anayekasirika, kwa kuwa ndiyo heshima yenyewe. Mtu hamtanii asiyemhesabu.

"Na nyie Banande, banungwe benu, batani benu, ni banani?"

"Sijui kama tuko nabo," Dorcelle alijibu, akimfikiria baba yake. "Papa hapendi michezo ya kifo."

Vioo vikafungwa kwenye malori ya kweli, na desturi ile ikatoka ndani ya kompyuta ikaingia barabarani. Dereva wa Kakule, Ézéchiel, mtu wa makamo aliyemwendesha bosi wake tangu enzi za Butembo, mji wa kule kwao Kivu, ndiye wa kwanza kuambiwa na Shemasi asimame njia ya Kinsevere, avute lori la Godefroid. Alilivuta akinung'unika. Hakumwambia bosi. Na wa Godefroid wakavuta ya Kakule, nao kimya, kwa muda.

Kimya kikavunjika Jumamosi moja, mchana, depo ikiwa imejaa wanunuzi. Lori la Godefroid liliingia Kenya likilikokota la Kakule lililokatika ekseli. Nyuma yake alikuja Godefroid mwenyewe kwa miguu, kofia mkononi kama mfiwa, akipaza sauti mtaa mzima umsikie:

"Kakule! Ulikufa lini bila kutuambia? Nimekuletea maiti yako, iko inanuka! Toka ulipe, ama nitaizika hapa pa mulango yako!"

Wapagazi wa Kikatanga wakaangua kicheko. Mama mmoja muuza makala akapiga mayowe ya msiba, ya uwongo, mikono kichwani. Kwao ilikuwa sherehe. Godefroid, aliyekuwa amechoka kushindana na mtu asiyecheka, alikuwa amemchukua mpinzani wake akamfanya mtani, mbele ya watu wote, na kwa desturi yake hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mgeni.

Kakule alitoka, akasimama kizingitini, uso umemkauka. Nyumbani kwake kifo kilitajwa kwa sauti ya chini, Biblia ikiwa wazi. "Unaniapiza mbele ya bantu?" aliuliza. Godefroid akazidi kucheka, kwa sababu mtani akijibu kwa hasira, huo nao ni utani. Basi Kakule akafunga mlango wa depo wateja wakiwa nje, na tangu siku hiyo hakumsalimu tena.

Jioni akamwita Dorcelle. Alitaka kujua lori lake lilifikaje kwenye kamba ya yule mtu. Dorcelle akamwonyesha kwenye kompyuta, na humo Kakule akaona kisichomfurahisha hata kidogo: kwamba malori yake pia yalikuwa yakiyavuta ya Godefroid.

"Kwa hiyo mashini yangu inamutumikia yule anayeniombea kifo?"

"Papa, haimtumikii. Ni…"

Hapo ndipo neno lilipokwama. Angesema: Papa, yule hakukuapiza, alikutania, amekufanya ndugu. Lakini baba angeuliza, umejuaje? Nani alikueleza? Na jibu lilikuwa Elisée, na nyuma ya Elisée ilikuwa ile barabara ya uwongo, na misimu yote ya siri. Aliogopa. Nasema waziwazi, binti huyu mwenye akili kuliko wengi niliowaona aliogopa kugombezwa na baba yake, akanyamaza.

"Toa hiyo kitu," Kakule alisema.

Akaitoa. Kazi ya muda wa kuchemsha chai. Aliandika amri moja ndani ya Shemasi: gari la nyumba ile, usilivute kamwe. Majuma yaliyofuata, malori ya Godefroid yakiharibika, ya Kakule yalipita. Katekista aliendelea kuvuta ya Kakule kwa muda, peke yake, bila kurudishiwa. Akili hizo hujifunza kila safari. Na yeye akajifunza. Akaacha. Elisée alimwandikia Dorcelle kwenye simu akitaka kujua sababu: Katekista ameacha kuvuta yenu, juu ya nini? Dorcelle hakujibu.

Kisha Goma ikaanguka mikononi mwa waasi. Baada ya Goma, Bukavu. Kile kilima cha Lubero alikozaliwa Kakule kilikuwa mikononi mwa watu wa bunduki tangu kabla ya hapo, na ndugu zake walikuwa wametawanyika, huyu Beni, huyu Uganda, huyu simu yake haipatikani. Benki za kule zilifungwa. Hapa kwetu unga ulipanda bei, mishahara ikachelewa, vijana wakaanza kuweka vizuizi vya matairi yanayowaka, na watu wakaanza kumwangalia kila mtu wa mashariki kama aliyeileta vita mfukoni. Kakule akazidi kusali na kuzidi kunyamaza. Daktari alimwambia damu yake inapanda, akampa vidonge.

Barabarani napo palichafuka. Njia ya Kasumbalesa ikajaa majambazi, nao, tazama ubaya wa akili ya kiumbe, wakagundua ile ile hila aliyoigundua Shemasi ndani ya kompyuta: wanasimamisha gari katikati kama limekufa, ukisimama kusaidia wanakuvua mpaka viatu. Basi hakuna dereva aliyesimama tena kwa ajili ya mtu. Ukiona gari limesimama, unakanyaga mafuta. Aliyeweza kukwambia hili limekufa kweli, simama, ni kioo kile kidogo peke yake.

Siku zile ulikuwa ukija mzigo wa mwisho wa duka alilokuwa nalo Kakule kule Goma. Ulitoka kabla mji haujafungwa, ukazunguka Uganda, Tanzania na Zambia, ukafika mpakani Kasumbalesa. Kakule akasema atakwenda mwenyewe kuupokea.

"Papa Dorcelle, tuma mwingine," mkewe Josée alimwambia. "Uko mugonjwa."

"Hiyo ni kitu ya mwisho ya kwetu, Josée. Nitapokea na mikono yangu."

Akaenda na Ézéchiel. Walivuka salama, wakapakia salama, wakaanza kurudi. Asubuhi hiyo Dorcelle alikuwa depo, mbele ya kompyuta. Magari yao yalionekana kwenye ramani kama nukta nyekundu. Ya Godefroid, kwa kuwa walitumia mtambo mmoja wa kufuatilia, yalionekana kama nukta za buluu. Nukta ya baba yake ikasimama porini, mbali na mji wowote. Simu ikalia.

"Dorcelle, kamiyo imekufa," Ézéchiel alisema toka kwenye lori lile. "Gia imevunjika yote. Na Papa… iko anashika kifua. Jasho inamutoka kama mvua."

"Simamisha gari! Gari yoyote!"

"Habasimame! Napunga mikono, banazani tuko bezi. Balitaka hata kunigonga!"

Kisha sauti ya baba yake, ndogo, ya mtu anayechagua maneno: "Dorcelle. Niko muzuri. Usimuogopeshe mama yako." Na mtandao ukakatika.

Malori mengine ya Kakule yalikuwa Kinsevere, upande wa pili wa mji. Dorcelle alituma gari dogo la depo. Likakwama kwenye moshi wa matairi kabla hata ya kutoka mjini. Na pale kwenye ramani, kutoka mpakani, nukta za buluu zilikuwa zinakuja. Lori la Godefroid likaikaribia nukta nyekundu. Dorcelle akasimama, akashika meza kwa mikono miwili. Simama, alisema, simama, simama. Likapita. Likaja jingine. Likapita. Kila moja lilipofika pale, Katekista alimwambia dereva wake neno moja: endelea.

Alijua kwa nini. Ee Mungu, alijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani.

Alikuwa na nakala ya zamani ya Shemasi, ile ya kabla ya amri. Akaifungua, akairudisha. Shemasi akawa yule wa awali, tayari kumvuta mtu wa Godefroid yeyote atakayekufa njiani. Ikasaidia nini? Aliyehitajika kusimama ni Katekista, na Katekista alikuwa amekwisha kujifunza kwamba watu wa Kakule hawamvuti mtu. Hapo ndipo Dorcelle alipoelewa kitu ambacho vitabu vyake havikumwambia. Ile desturi haikukaa ndani ya Shemasi, wala haikukaa ndani ya Katekista. Ilikaa katikati yao. Yeye alidhani amefuta mstari mmoja upande wake, kumbe alikata kamba iliyoshikwa na wawili. Na maji yakimwagika hayazoleki. Ingechukua misimu na misimu ya kushindana ili ichipue tena, kama ingechipua.

Akampigia Elisée.

"Mwambie Katekista asimame! Papa yangu iko anakufa!"

"Haambiwi, Dorcelle! Unajua haambiwi, anajifunza!" Elisée naye alikuwa analia au anakimbia, haikueleweka. "Kuamuru kwa mukono, ufunguo iko na Papa tu. Muite. Muite yeye!"

Binti wa Kakule alikuwa hajawahi kumpigia simu mtu huyo maishani mwake. Alibonyeza namba. Godefroid aliipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Papa Godefroid, ni mimi, Dorcelle wa…"

"Sema, mama."

"Papa iko mu njia. Kifua. Magari yenu inapita tu. Nakuomba. Nakuomba, Papa."

Yule mtu wa kucheka hakucheka. "Chanda, dereva yangu, iko karibu naye," alisema. "Namugeuza sasa hivi." Na kweli, kwenye ramani, nukta moja ya buluu iliyokwisha kupita ikasimama, ikageuka, ikaanza kurudi ilikotoka. Ikaifikia nyekundu. Zikakaa pamoja. Kisha zikaanza kutembea pamoja kuelekea Lubumbashi, polepole, moja ikiivuta nyingine.

Dorcelle alitoka mbio mpaka nyumbani, nyuma ya depo. "Mama! Wamemupata! Wanakuya!" Josée akapiga magoti palepale jikoni akamshukuru Bwana, kisha akaanza kufunga vitu vya hospitali: shuka, kikombe, kandambili, zile nguo laini ambazo mumewe alipenda kulalia. Walikuwa wakibishana kama wachukue blanketi moja au mawili, simu ilipolia tena. Ni Ézéchiel, mtandao umerudi.

"Mama iko karibu?" aliuliza. Dorcelle akasema hapana, ingawa Josée alikuwa amesimama mbele yake. "Papa alishaenda. Alishaenda mbele, Chanda hajafika bado. Kidogo tu, Dorcelle. Aliegemea kioo ya dirisha, nikafikiri amelala."

Josée hakuhitaji kuambiwa. Alilikunja blanketi, akaliweka juu ya kitanda, akakaa chini sakafuni.

Lori liliingia Kenya alasiri, na safari hii hakuna aliyepiga mayowe ya uwongo. Chanda, dereva wa Godefroid, kijana mnene mwenye uso wa kitoto, alishuka akaenda kufungua kamba ya kuvutia. Walimlaza Kakule sebuleni, na ule mzigo wa mwisho wa Goma ukabaki juu ya gari bila mtu wa kuushusha.

Sasa azikwe wapi, na nani? Kwao Lubero baba huchimbiwa kwenye kilima chake, na watu wa nyumbani, karibu na migomba. Kilima kilikuwa na wanajeshi. Kaka zake walikuwa hawajui hata kama amekufa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Watu wa kanisa walijaa uani, wakaimba vizuri, Mungu awabariki, lakini wengi walikuwa akina mama na wazee. Wanaume wa Kivu wengi walikuwa wameondoka kutafuta familia zao zilizotawanyika. Mchungaji alipendekeza vibarua wa makaburini. Josée alikataa. "Mume yangu hachimbiwe na bantu ba kulipa," alisema.

Asubuhi yake Godefroid alikuwapo. Hakubisha hodi. Alikaa chini nje ya lango, mavumbini, na nyuma yake madereva wake wote, Chanda miongoni mwao, kila mmoja na jembe au sepetu. Elisée alisimama mbali kidogo ameinamisha kichwa. Uani mnong'ono ukapita: amekuja kucheka, huyo. Amekuja kumaliza. Mzee mmoja wa kanisa akataka wafukuzwe.

Dorcelle akasema ataongea nao yeye. Alikuwa hajalala. Alitoka, akafunga lango nyuma yake, akachuchumaa mbele ya yule mtu mzima, kwa heshima, kama alivyolelewa.

"Papa Godefroid, kuna kitu ujue kabla hujashika jembe. Magari yetu yalikuwa yanavuta yenu, na yenu yetu. Mimi njo niliyekata. Papa alisema nitoe, na mimi nilitoa. Nilijua ulikuwa unamutania. Elisée alinieleza zamani. Sikumwambia Papa. Niliogopa. Ningemwambia, leo angekuwa hai."

Alitegemea atapigwa, au atatukanwa. Pengine alitaka hivyo. Godefroid alimwangalia kwa macho mekundu ya mtu ambaye naye hakulala.

"Mutoto yangu," alisema, "uliponipigia, simu ilikuwa mu mukono yangu. Unajua juu ya nini? Nilikuwa naangalia hiyo nukta nyekundu. Niliiona ilisimama. Nilijua ni ya baba yako, Kasumbalesa yote ilijua iko ndani. Niliona kamiyo zangu zinapita. Nilikuwa na ufunguo." Akavua kofia. "Nilisema moyoni: aite. Alinifungia mulango mbele ya bantu, basi leo aite yeye wa kwanza, tucheke, yaishe. Sikujua kifua. Nilifikiri ni gia tu. Nilikaa namungoja aite."

Madereva nyuma yake waliangalia chini. Hawa walikuwa wamepita pale mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na lake. Dorcelle alikuwa amekuja kutua mzigo, na sasa ilikuwa miwili, na hakujua auchukie upi zaidi.

Lango likafunguka. Josée alikuwa amesimama upande wa pili muda wote huo. Alikuwa amejifunga kitenge cheusi, mkononi ameshika kamba ya katani waliyokuwa wakifungia magunia. Dorcelle akainuka haraka.

"Mama…"

"Nimesikia," Josée alisema. "Ya kwako nimesikia, na ya kwako, Godefroid, nimesikia. Musiniombe nisamehe leo. Leo sina. Pengine kesho sitakuwa nayo pia." Sauti yake ilikuwa shwari kabisa, na hiyo ndiyo iliyowatisha. "Lakini jua inapanda, na muntu iko ndani anangoja. Kwetu kumefungwa. Hapa Lubumbashi, niko na nani mwingine zaidi yenu? Ingieni mumupime kwa ajili ya kaburi."

Akawanyooshea kamba. Godefroid aliinuka, akavua viatu, akaviacha nje. Uani watu wa kanisa wakaacha kuimba, wakawapisha. Sebuleni Dorcelle alipiga goti upande wa kichwa, akaishika ncha moja ya kamba usawa wa nywele za baba yake. Godefroid akaishika ncha ya pili, akashuka nayo mpaka miguuni, akafunga fundo pale urefu ulipoishia.